Brothers and Sisters (1973) ya Allman Brothers Band: albamu iliyorekodiwa matangani ikashika namba 1

#1 Rizimu wa Ngamiani

Wakuu, salaam. Wakubwa zangu shikamooni.

Huu uzi nimekaa nao moyoni muda mrefu, leo nautua. Kila tukigusa roki ya Kusini mwa Marekani, wajuzi wanarudi pale pale: Allman Brothers Band ni ile ya albamu ya At Fillmore East, ya mpiga gita Duane Allman akiwa hai, na kilichofuata ni biashara. Inayopigwa mawe kuliko zote ni Brothers and Sisters, ya Agosti 1973, na kosa lake kubwa ni kwamba iliuza. Ilikaa namba 1 kwenye chati ya albamu ya Billboard kwa wiki 5. Wimbo wake wa Ramblin' Man ulifika namba 2 kwenye chati ya nyimbo. Basi watu wakahitimisha kwamba jamaa walilainisha muziki ili wapate redio.

Mimi sikubali. Ile albamu ilitengenezwa na watu waliokuwa bado wamekaa matanga. Nipeni nafasi nieleze.

Duane alifariki tarehe 29 Oktoba 1971, kwa ajali ya pikipiki mjini Macon, Georgia. Alikuwa na miaka 24. At Fillmore East ilikuwa ndiyo kwanza imepewa hadhi ya dhahabu kwa mauzo, siku chache tu nyuma. Kwenye mazishi wenzake walipanga ala mbele ya jeneza wakapiga, na Jerry Wexler wa kampuni ya santuri ya Atlantic akasema maneno ya kumuaga. Wakamalizia albamu ya Eat a Peach, ikatoka Februari 1972, na wakazunguka na maonyesho wakiwa watano.

Vuli ile ya 1972 wakaingia studio ya Capricorn, hapo hapo Macon. Nyimbo mbili zilikuwa zimeshakamilika, Wasted Words na Ramblin' Man. Tarehe 11 Novemba, mpiga besi wao Berry Oakley akagongana na basi la jiji akiwa kwenye pikipiki, mitaa mitatu tu kutoka pale alipoangukia Duane. Akainuka mwenyewe. Akakataa kwenda hospitali, akarudishwa nyumbani, na baada ya saa chache hali ikabadilika. Fuvu lilikuwa limepasuka. Naye alikuwa na miaka 24.

Hesabuni: mwaka mmoja na siku 13. Tanga la kwanza halijaanuliwa, la pili limetandikwa.

Sasa kile ambacho sioni kikisemwa. Duane alipoondoka, ni wapiga gita wangapi Marekani nzima wangekimbilia ile nafasi? Bendi haikumchukua hata mmoja. Baada ya karibu mwaka mzima walimchukua mpiga piano, Chuck Leavell, kijana wa miaka 20 kutoka Alabama. Kiti cha marehemu kikaachwa wazi, kikaongezwa kingine pembeni. Kwangu mimi albamu nzima imejengwa juu ya uamuzi huo.

Na nina sababu ya kulielewa jambo hili. Mwaka 2016 kaka yangu, aliyekuwa anapiga besi kwenye kikundi chetu hapa Tanga, alifariki kwa ajali ya bodaboda akitoka mazoezini. Gita lake tuliliegemeza ukutani chumbani kwa mama, na mama akalitandikia khanga. Miezi saba hatukupiga. Siku tuliporudi mazoezini, hakuna aliyethubutu kusema "tutafute mpiga besi". Mpiga kinanda wetu akaanza kupiga besi kwa mkono wa kushoto, hakuambiwa na mtu, na hakuna aliyemuuliza. Tumepiga hivyo hadi leo. Kwa hiyo nikimsikia Leavell anaingia kwenye wimbo wa Jessica, siwezi kusikia biashara.

Nitaendelea. Karibuni mchangie.

#2 Mwana Molo

Mkuu, pole sana kwa kaka. Mungu amrehemu.

Mimi niko huku Kenya, na kwetu mambo ya kantri ni kama muziki wa nyumbani. Nimekua nikisikia Jim Reeves, Don Williams na Kenny Rogers kwa redio ya guka, yaani babu. Ramblin' Man niliipenda kabla sijajua ni ya nani, na niliihesabu kama kantri tupu. Kwa hivyo nauliza kwa nia njema: hao mashabiki wa zamani wakisema bendi iligeuka kuwa ya kantri, wanakosea wapi?

#3 Santuri ya Zamani

Rizimu mdogo wangu, pole na msiba. Nakuheshimu, ila hapa acha tubishane.

Mimi ni mmoja wa hao wajuzi. At Fillmore East ilirekodiwa Machi 1971 New York, mbele ya watu. Upande mzima wa santuri umejazwa na wimbo mmoja, Whipping Post, dakika 23. Duane amevaa kichupa cha dawa ya mafua cha Coricidin kidoleni, anakiburuza juu ya nyuzi, gita linalia kama mtu. Dickey Betts yuko ubavuni mwake, na magita mawili yanasemezana bila mmoja kumkata kauli mwenzake. Halafu uniletee Brothers and Sisters, nyimbo 7, dakika 38 hivi, zimepangwa vizuri na zimefutwa jasho. Ramblin' Man ni wimbo mzuri, sikatai, lakini hatari haimo. Bendi ya 1971 ilikuwa inaweza kuanguka dakika yoyote jukwaani, na ndiyo maana nilikuwa naisikiliza nikiwa nimekaa ukingoni mwa kiti.

Tena nyimbo 4 kati ya hizo 7 ni za Betts peke yake. Gregg Allman, mdogo wake Duane na sauti ya bendi, ameleta 2 tu. Hiyo ni albamu ya Dickey Betts, ndugu na dada wako wapi?

#4 Rizimu wa Ngamiani

Mzee Santuri, nashukuru. Nilikuwa nakungoja.

Nianze na Mwana Molo. Hawakosei kwamba kantri imo. Betts alikulia Florida kwenye familia ya wapiga muziki wa kienyeji wa kule, fidla na magita, na kwenye Ramblin' Man anahadithia mtu aliyezaliwa safarini, ndani ya basi, kwenye Barabara Namba 41, na barabara hiyo inapita Macon kwenyewe. Lakini sikiliza mwisho wa wimbo. Maneno yakiisha wimbo haufungi. Magita yanaanza kupanda ngazi, moja juu ya jingine, sauti zikiongozana kama waimbaji wa kwaya. Hiyo ndiyo alama ya Duane na Dickey. Sasa Duane hayupo, nani anapiga gita la pili? Les Dudek, kijana kutoka Florida aliyekuwa studio siku hizo. Alipiga sehemu ile na Betts, kwenye Jessica akapiga gita kavu, na uanachama wa bendi hakupewa. Yaani waliazima mkono wa mgeni ili waisikie tena sauti ya ndugu yao kwa dakika chache.

Na chini ya magita hayo, besi ni la Berry Oakley. Msikilizeni. Hakai chini kungoja, anatembea, anapanda mpaka yaliko magita na kushuka. Redio za Marekani nzima zilipoupiga wimbo huu mwaka 1973, mwenye besi lile alikuwa kaburini kwa miezi kadhaa.

Kuna jambo dogo la pembeni hapa. Wimbo uliowazuia kushika namba 1 ulikuwa Half-Breed wa mwimbaji Cher. Mwaka 1975 Gregg Allman akamuoa Cher.

Mzee Santuri, kuhusu hatari nakupa haki yako. Ile ya Fillmore haijarudi tena, na wala sisemi hii inaizidi. Nyimbo mbili za Gregg nazo ni haba kweli, kwa sababu alikuwa ameelekeza nguvu nyingi kwenye albamu yake mwenyewe, Laid Back, iliyotoka mwaka ule ule wa 1973. Lakini kumbuka ni Gregg anayeimba Southbound, wimbo wa Betts. Na kwenye Wasted Words, gita linaloburuzwa ni la Betts. Ile ilikuwa kazi ya Duane. Kuna maumivu mtu kushika chombo cha mwenzake mbele ya watu wanaojua kilivyokuwa kinashikwa. Ndugu walikuwepo, mzee, kila mmoja akifanya kazi isiyokuwa yake.

#5 Bi Kinanda

Shikamoo Santuri, na pole Rizimu. Mimi ni mwalimu wa kwaya, nimepiga kinanda kanisani miaka 19. Mmenigusa kwenye Leavell, naomba nikae hapo kidogo.

Jessica hauna maneno. Magita yanaanza mdundo mwepesi, unarukaruka, kisha wimbo wenyewe unaingia, na piano imejibanza ndani yake inaufuata sauti kwa sauti. Mtu asiyetega sikio hasikii kama kuna piano. Kisha solo ya kwanza anapewa nani? Yeye, mgeni. Betts, mwenye wimbo, anasubiri zamu. Leavell anaanza kwa vishazi vifupi, kama mtu anayebisha hodi, anarudia kile kile mara mbili, anakibadilisha mwisho. Mkono wa kushoto hauhami, unamshikia ardhi. Halafu anapanda kidogo kidogo mpaka mikono yote miwili iko juu kabisa, anapiga kodi (sauti kadhaa kwa pamoja) nzima nzima, na hapo Betts anaingia na gita kwenye ufunguo mwingine. Ni kama mtu amefungua dirisha.

Nimejaribu kuwafundisha vijana wangu kipande kile. Vidole wanaviweza. Kinachowashinda ni ule utulivu wa mwanzo, wa kutokuwa na haraka ya kuonekana.

#6 Mwana Molo

Jessica ndio ule wa Top Gear! Wa kipindi cha magari cha BBC! Tumeuskia miaka mingi sana kwa DStv na sikujua una jina la mtu.

#7 Rizimu wa Ngamiani

Ndio huo, ndugu. Mimi pia nilikutana nao pale, kwenye televisheni ya gereji ya mjomba, mafundi wote wamesimama wanatazama gari, mimi natafuta gita liko wapi. Ila tuwe makini: kipindi kilipoanza mwaka 1977 walitumia ule wa Allman wenyewe. Kiliporudi kwa sura mpya mwaka 2002, wimbo ulikuwa umepigwa upya kwa mtindo mwingine. Kwa hiyo wengi wetu tumeusikia mjukuu, si babu.

Na jina ni la mtu kweli. Jessica ni binti wa Dickey Betts. Betts alikuwa anatunga wimbo kwa heshima ya Django Reinhardt, mpiga gita wa jazi aliyeungua kwenye moto mwaka 1928, akabaki na vidole viwili vya kufanyia kazi mkono wa kushoto. Betts alikuwa anajaribu kutunga kitu kinachoweza kupigwa kwa vidole viwili, wimbo haukai. Ndipo mtoto akaingia chumbani akitambaa, akaanza kurukaruka kwa kufuata gita. Baba akaacha kumfuata Django akamfuata mtoto. Wimbo ukakaa.

Bi Kinanda, hapo pa "kubisha hodi" umenimaliza. Nimesikiliza ile solo zaidi ya miaka 10 na sikuwahi kupata neno lake.

Sasa shikeni jalada. Albamu ile nje haina picha ya bendi. Mbele kuna mtoto wa kiume amesimama kwenye majani makavu, ni Vaylor, mtoto wa mpiga dramu Butch Trucks. Nyuma kuna mtoto wa kike, Brittany. Baba yake ni Berry Oakley. Ukilifungua jalada, ndani wamekaa wote: wanamuziki, wake, watoto, wabeba vyombo, na hata mbwa. Ndiyo "ndugu na dada" anaowaulizia Mzee Santuri. Kampuni inayotaka mauzo ingeweka sura za mastaa. Hawa waliweka yatima mgongoni mwa santuri.

#8 Santuri ya Zamani

Jalada ninalo. Nimelishusha sasa hivi, liko mapajani.

Huyo binti nimemtazama zaidi ya miaka 30. Nilidhani ni picha tu ya mtoto.

#9 Dereva wa I-75

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni Mkongomani, niliishi kambi ya Nyarugusu kule Kasulu miaka mingi, sasa niko Clarkston, hapa Georgia. Naendesha lori, na Macon napita kila wiki. Nafuatilia uzi huu tangu jana usiku.

Nataka niongeze kitu kuhusu Macon, maana mtu akisikia "roki ya Kusini" anafikiria bendera ya yale majimbo ya Kusini yaliyotetea utumwa na watu wa aina fulani tu. Mji huu ndiko alikozaliwa mwimbaji Little Richard, ndiko alikokulia mwimbaji Otis Redding. Phil Walden, mwenye Capricorn, kampuni iliyotoa santuri zao, alikuwa meneja wa Otis mpaka Otis alipokufa kwa ajali ya ndege Desemba 1967. Na Allman Brothers tangu siku ya kwanza, mwaka 1969, walikuwa na mtu mweusi kwenye dramu, Jaimoe, aliyewahi kupiga na huyo huyo Otis. Walipofika Macon, vijana wa kizungu wenye nywele ndefu wanakaa nyumba moja na Mwafrika-Mmarekani, majirani waliwatazama vibaya.

Waliokuwa wanawalisha ni mama wawili weusi wa mgahawa wa H&H, Mama Louise Hudson na Mama Inez Hill. Vijana hawana pesa, wanaagiza sahani mbili wagawane wote. Mama Louise akaona, akawapakulia kila mtu chake. Baadaye walipopata, mwaka 1972 wakamchukua Mama Louise safarini pamoja nao. Kwa lugha yenu ya Bongo, alikuwa mama ntilie wao.

Nitakuwa Macon Alhamisi. Nina saa tatu za kupumzika kwa sheria. Mkitaka nipite sehemu yoyote semeni.

#10 Rizimu wa Ngamiani

Ndugu Dereva, asante sana. Umenikumbusha Lamar Williams, nilikuwa nimemsahau, na haifai kumsahau. Berry alipofariki, wiki chache tu baadaye besi likashikwa na Lamar, mtu mweusi kutoka Mississippi, rafiki wa Jaimoe tangu utotoni, aliyekuwa ametoka kwenye vita vya Vietnam. Nyimbo 5 zilizobaki, besi ni lake. Linganisheni besi la Ramblin' Man na la Southbound. Berry anatembea, Lamar anakaa. Anaushika mdundo pale chini na kuwaacha wengine wacheze juu yake. Hakujaribu kumuiga marehemu. Alifariki mwaka 1983 kwa saratani ya mapafu, bado kijana.

Ukipata muda pita Big House, barabara ya Vineville, nyumba walimokuwa wakiishi kifamilia mpaka 1973, siku hizi ni makumbusho. Na Rose Hill, makaburini.

#11 Mwana Molo

Na baada ya mafanikio hayo, walienda wapi? Mbona hatusikii albamu nyingine kubwa hivyo?

#12 Rizimu wa Ngamiani

Kwa kifupi, ndugu: Julai 1973, albamu haijatoka, walipiga Watkins Glen, jimbo la New York, pamoja na bendi za Grateful Dead na The Band, mbele ya watu wanaokadiriwa 600,000. Wakawa wanasafiri kwa ndege ya kukodi. Wakamchangia pesa Jimmy Carter, aliyekuwa gavana wa Georgia, alipowania urais. Mwaka 1976 bendi ikavunjika kwa magomvi na dawa za kulevya, Capricorn nayo ikafilisika 1979. Walirudiana zaidi ya mara moja, na Jessica ya jukwaani ikapata Grammy mwaka 1996. Butch na Gregg walifariki 2017, Betts Aprili 2024. Sehemu hiyo inahitaji uzi wake na mimi si mwandishi wake.

#13 Dereva wa I-75

Ndugu zangu, nimetoka Macon.

Big House nilipita kwa nje tu, muda ulinibana. Rose Hill nimekaa karibu saa nzima. Ni makaburi ya zamani sana, yamepangwa kwenye mteremko unaoshukia mto Ocmulgee, miti mikubwa, na chini kabisa kuna reli kati ya makaburi na mto. Treni ya mizigo ilipita nikiwa pale, ndefu, nikashindwa kuhesabu mabehewa.

Duane na Berry wamelala sambamba. Jiwe la Duane limechongwa gita, la Berry limechongwa besi. Juu ya la Berry kuna maneno kuhusu mtu anayemvusha ndugu yake kwa mashua, kwamba ukimvusha yeye utakuta na mashua yako imeshafika ng'ambo. Nilivuka Tanganyika kwa mashua nikiwa na miaka 9, na aliyetuvusha hakufika. Nimelisoma mara nyingi.

#14 Bi Kinanda

Pole sana kaka Dereva. Pole.

#15 Santuri ya Zamani

Jana usiku nimeweka upande wa pili, Southbound, Jessica, Pony Boy, kisha nikageuza nikaanza wa kwanza. Fillmore bado naipenda zaidi, Rizimu, usinidai hilo. Lakini mwisho wa Ramblin' Man, nilipolifuata besi peke yake kama ulivyosema, nilirudisha sindano mara nne.

Dereva mwanangu, Gregg naye wamemzika wapi?

#16 Dereva wa I-75

Hapo hapo, mzee. Ukisimama kwa kaka yake unamuona, hatua chache tu.